Mmarekani Kwenye Barabara za Kaskazini

Mwezi Februari 2016, kijana Mmarekani kutoka New Jersey aliteremka kwenye uwanja wa ndege wa Keflavík nchini Aisilandi, akakodi gari, akaingiza anwani ya hoteli yake kwenye kifaa cha kuelekeza njia, akaondoka. Hoteli ilikuwa Reykjavík, mwendo usiofika saa moja, kwenye mtaa wa Laugavegur. Lakini anwani aliyokuwa nayo ilikuwa na herufi r moja zaidi, na Laugarvegur kweli ipo: ni mtaa wa Siglufjörður, mji wa wavuvi ulioko kaskazini kabisa mwa kisiwa. Kijana aliifuata sauti ya kifaa kwa zaidi ya saa tano, juu ya barafu na theluji, milima ikizidi na nyumba zikipungua. Mwishowe akabisha hodi kwenye nyumba moja. Mama aliyemfungulia alipoiona anwani aliangua kicheko, kisha akamweleza alipo. Siku chache baadaye habari ilikuwa imeenea nchi nzima, na mgeni aliyepotea akawa mtu anayetambuliwa na kukaribishwa kila alikokwenda.

Kwa macho ya wengi wetu Afrika Mashariki, Mmarekani na Mswidi ni Wazungu tu, na mila ya mmoja tunaidhani ni ya mwenziwe. Wasafiri wa Kimarekani wanaokwenda Ulaya ya Kaskazini wanajua kwamba sivyo. Wanafika wakiwa na lugha, maana Kiingereza kule kinazungumzwa karibu na kila mtu. Wana leseni mfukoni na wamezoea kuendesha upande uleule wa kulia. Bado wanajikuta wageni kabisa, kwanza katika maongezi, kisha kwenye usukani. Na ugeni wa sehemu hizi mbili una mzizi mmoja. Kaskazini, heshima kwa mtu usiyemjua huonyeshwa kwa kumpa nafasi yake na kushika kanuni inayomlinda. Mmarekani huitafuta heshima hiyo kwenye maneno, akiikosa anasema watu hawa ni baridi. Akiingia barabarani ndipo anapokutana nayo.

Tuanze na maneno, au tuseme uchache wake. Kituo cha basi cha Ufini kimekuwa mfano maarufu: kila mtu amesimama mbali na mwenziwe, hata theluji ikianguka, na hakuna anayesema neno. Mchoraji Karoliina Korhonen alimbuni mhusika wa katuni aitwaye Matti, Mfini anayekosa raha jirani akimwanzishia mazungumzo, na Wafini wenyewe walimpenda kwa sababu walijiona ndani yake. Mmarekani aliyekulia Texas au Ohio, ambako mtu mliyekutana naye kwenye lifti hukusimulia habari za wajukuu wake, hudhani amechukiwa. Hajachukiwa na yeyote. Yule aliyenyamaza kando yake anamwachia utulivu wake, akiamini kwamba kumwingilia mtu bila sababu ni kumkosea. Mgeni huyohuyo akipotea njia na kuuliza, atajibiwa kwa makini na kwa ukamilifu, pengine hata kusindikizwa hadi kona ya mtaa.

Mwaliko wa nyumbani nao una taratibu zake. Tarehe hupangwa wiki kadhaa mapema, na ikisemwa saa kumi na mbili jioni basi ni saa kumi na mbili. Viatu huvuliwa mlangoni, jambo ambalo mtu wa Lamu au Unguja hata halioni kuwa la kusimuliwa, ingawa Mmarekani aliyezoea kukanyaga zulia la sebuleni na viatu vyake hubaki akijiuliza kama soksi zake hazina tundu. Mkienda kunywa pamoja, kila mtu hulipa chake. Bakshishi, ambayo Marekani imepanda hadi asilimia 18 au 20 ya bili na ni sehemu ya kipato cha mhudumu, huku haitarajiwi. Mhudumu analipwa mshahara unaojitosheleza.

Mwaka 2022 desturi moja ya Uswidi ilizua mjadala dunia nzima. Watu walisimulia jinsi walivyokuwa watoto, wakicheza nyumbani kwa rafiki, na ulipofika wakati wa chakula cha jioni familia ikaketi mezani huku mgeni akiachwa chumbani asubiri. Wamarekani walishangaa. Waafrika walishangaa zaidi, na ni haki yao, kwani kwetu mtoto aliyekukuta jikoni ni mtoto wako mpaka aondoke. Waswidi wengi walisema kwamba mambo hayo siku hizi yamepungua sana, na wengine wakaeleza nia iliyokuwa nyuma yake: mama wa yule mtoto amekwisha kumpikia, na kumlisha ni kuvuruga mpango wa nyumba nyingine au kuibebesha familia ile deni la fadhila. Mtu anaweza kuielewa hoja hiyo na bado akaikataa. Ila inaonyesha jinsi watu hawa wanavyoogopa kumwelemea mwenzao, hata kwa wema.

Kuna pia suala la kujisifu. Mwaka 1933 mwandishi Aksel Sandemose, aliyezaliwa Denmaki na kuhamia Norwei, alichapisha riwaya yenye mji wa kubuni uitwao Jante, ambako amri kumi zinamzuia mtu kujiona bora kuliko wengine. Tangu hapo watu wa Skandinavia wamelitumia jina la mji huo kuieleza tabia yao wenyewe, wengine kwa fahari na wengine kwa kuilalamikia. Mmarekani amefundishwa tangu shule kusema waziwazi amefanya nini na amefika wapi. Akifanya hivyo mezani Oslo, wenyeji watatikisa kichwa kwa adabu, na maongezi yatahamia kwenye hali ya hewa.

Ukimya huo una mahali pake pa kufunguka. Pa kwanza ni kwenye kahawa, ambayo watu wa nchi hizi hunywa kwa wingi kuliko karibu watu wote duniani, Wafini wakiwa mbele. Msomaji wa Nyeri au Kirinyaga atafurahi kujua kwamba wakaangaji mahiri wa Oslo na Copenhagen wanaithamini mno kahawa ya Kenya, na majina ya sehemu hizo yameandikwa kwenye vifuko vyao. Pa pili ni sauna. Ufini ina watu wapatao milioni 5.5 na sauna zinazokadiriwa kufika milioni tatu. Hata jengo la Bunge lina yake, na mwaka 2020 UNESCO iliiweka desturi hiyo kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Watu huingia uchi, marafiki na wafanyakazi wenza wa jinsia moja bila kuona haya. Mmarekani anayemwambia kila mtu mambo yake ya ndani lakini hathubutu kuvua nguo mbele ya wengine, hukaa ubaoni karibu na Mfini aliyevua kila kitu na ambaye hajawahi kumwambia mgeni hata jina la mtaa wake. Mvuke ukipanda, ndipo maneno yanapoanza.

Pa tatu ni kwenye pombe, na hapa maongezi na barabara vinagusana moja kwa moja. Uswidi, Norwei, Ufini na Aisilandi zote huuza pombe kali na sehemu kubwa ya mvinyo kupitia maduka ya serikali. Msafiri anayedhani atachukua chupa ya divai dukani Jumamosi jioni akielekea kwa wenyeji wake Uswidi atakuta mlango umefungwa tangu saa tisa alasiri, na Jumapili haufunguliwi kabisa. Kisha kuna jambo linalomshangaza zaidi: kabla ya chupa kufunguliwa, kila gari lililoegeshwa nje lina dereva aliyeshateuliwa, na dereva huyo hagusi hata tone. Hakuna anayembembeleza. Norwei ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuweka kisheria kiwango cha kilevi kwenye damu ya dereva, mwaka 1936, na leo kiwango hicho ni sehemu 0.2 kwa elfu, sawa na Uswidi. Denmaki na Ufini zinaruhusu 0.5. Karibu majimbo yote ya Marekani yanaruhusu 0.8, ni Utah peke yake iliyoteremka hadi 0.5, mwishoni mwa mwaka 2018. Ina maana kwamba bia moja au mbili ambazo Mmarekani huzinywa kwao na kuendesha gari bila wasiwasi, Uswidi zinaweza kumfikisha mahakamani.

Barabarani sasa. Mtihani wa kwanza ni makutano. Kwenye mitaa ya Marekani makutano mengi yana alama ya kusimama pande zote nne. Aliyefika kwanza hupita kwanza, na wakifika pamoja hutazamana, mmoja akapunga mkono, mwingine akashukuru kwa kichwa. Ni mazungumzo mafupi kabisa. Norwei, Uswidi, Ufini na Denmaki hazina mazungumzo hayo. Pasipo na alama yoyote, anayetoka kulia ndiye mwenye haki, hata kama anatoka kwenye kichochoro na wewe uko kwenye mtaa mpana. Hatakutazama, wala hatakuuliza. Ataingia tu, kwa kuwa ana hakika unaijua kanuni. Penye pembetatu nyeupe zilizochorwa chini kwa safu, ambazo Wanorwei huziita meno ya papa, wewe ndiye wa kusubiri. Wasafiri wengi wa Kimarekani husema hapo ndipo walipopigiwa honi kwa mara ya kwanza, katika nchi ambazo honi husikika kwa nadra.

Mtihani wa pili ni taa nyekundu. Tangu shida ya mafuta ya miaka ya 1970, karibu Marekani yote inaruhusu dereva kukata kulia taa ikiwa nyekundu, mradi asimame kwanza. Kaskazini nyekundu ni nyekundu. Na Copenhagen kuna sababu inayoonekana kwa macho: upande wa kulia wa gari kuna njia ya baiskeli, na baiskeli zinakuja moja kwa moja, nyingi, kwa kasi, zikiwa na haki ya kutangulia. Dereva anayekata kona bila kutazama nyuma ya bega lake anahatarisha maisha ya mtu anayekwenda kazini.

Halafu kuna mwendo. Barabara kuu za Norwei haziruhusu zaidi ya kilomita 110 kwa saa, na nyingi ni 80. Ufini hushusha kiwango cha barabara zake kuu kutoka 120 hadi 100 majira ya baridi yanapoingia. Uswidi imeweka kamera kwa maelfu, na kila moja imetanguliwa na alama inayokutahadharisha. Mmarekani aliyezoea askari wa barabara kuu aliyejificha nyuma ya daraja huona ajabu kutangaziwa mtego. Lakini kamera hizo ziliwekwa ili watu wapunguze mwendo pale penye hatari, na atakayepunguza amekwisha kutimiza lengo lake.

Asiyepunguza hulipa, na Ufini hulipa kwa kadiri ya kipato chake. Utaratibu wa faini za siku ulianza nchini humo mwaka 1921. Kosa likiwa kubwa, adhabu huhesabiwa kwa siku, na thamani ya kila siku hutokana na kipato cha mkosaji, ambacho polisi hukipata kwenye kumbukumbu za kodi. Mwaka 2002 Anssi Vanjoki, aliyekuwa mkurugenzi katika kampuni ya Nokia, alitozwa euro 116,000 kwa kuendesha pikipiki kilomita 75 kwenye eneo la 50. Mwaka 2023 tajiri Anders Wiklöf wa visiwa vya Åland alitozwa euro 121,000 kwa kwenda 82 mahali ambapo kiwango kilikuwa kimeshuka hadi 50, na haikuwa faini yake ya kwanza ya aina hiyo. Wamarekani wengi hukasirika wakisikia habari hizi. Huona ni kuadhibu mafanikio. Hata hivyo hoja ya Wafini ni nyofu: faini ya dola mia mbili humtia uchungu mfagiaji, na tajiri huilipa bila kuisikia. Adhabu isiyomuuma mkosaji haimlindi mtoto anayevuka barabara.

Denmaki imekwenda mbali zaidi. Tangu 31 Machi 2021 polisi wanaweza kulitaifisha gari la mtu anayeendesha kiwendawazimu, kwa mfano anayepita kilomita 200 kwa saa, hata kama gari si lake. Mwezi Oktoba mwaka uleule, mwanamume aliyekuwa akilipeleka Norwei gari aina ya Lamborghini alilotoka kulinunua Ujerumani alinaswa kaskazini mwa Denmaki akienda 236. Alibakiwa na risiti.

Hatari nyingine haziwekwi na binadamu. Misituni Uswidi, Norwei na Ufini hutokea elki, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye miguu mirefu sana; gari likimgonga linavunja miguu, na mwili wake wenye uzito wa mamia ya kilo unaingia kupitia kioo cha mbele. Hutembea alfajiri na machweo, saa zile dereva ana usingizi. Uswidi ndiko lilikozaliwa jaribio la magari linaloitwa kwa jina lake, la kukwepa ghafla kisha kurudi njiani, lililopata umaarufu mwaka 1997 gari jipya la Mercedes A-Class lilipopinduka mikononi mwa mwandishi wa jarida la magari. Mgeni aliyemgonga elki Uswidi ana wajibu wa kisheria kuwaarifu polisi hata kama mnyama amekimbia, ili mwindaji amtafute na kummaliza asiendelee kuteseka. Aisilandi hakuna elki, kuna kondoo, madaraja yenye njia moja, na upepo unaoweza kuung'oa mlango wa gari ukiufungua bila kuushika.

Wenyeji wanayamudu vipi haya? Wanafundishwa. Majimbo mengi ya Marekani humpa kijana leseni akiwa na miaka 16, baada ya jaribio fupi. Norwei ni 18, na lazima apite mafunzo ya kuendesha gizani na kwenye uwanja wa utelezi, ambako gari linaachwa liteleze ili aone mwenyewe jinsi breki zisivyosaidia. Gharama yake hufika maelfu ya dola. Wapenzi wa Safari Rally hawatashangaa. Mfini Hannu Mikkola alikuwa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda mashindano hayo, mwaka 1972. Mswidi Björn Waldegård aliyashinda mara nne na Juha Kankkunen wa Ufini mara tatu. Hivi karibuni zaidi Kalle Rovanperä, Mfini pia, alishinda Kenya mwaka 2022 na 2024. Watu hawa wanajua gari linafanya nini tairi likipoteza ardhi, na pengine ndiyo maana wakiwa barabarani na watu wengine huenda 80.

Juu ya yote hayo kuna uamuzi wa kisiasa. Oktoba 1997 Bunge la Uswidi lilipitisha sera ya kutokubali kifo hata kimoja barabarani. Wazo lake, ambalo Claes Tingvall alikuwa mmoja wa wasanifu wake wakuu, ni kwamba binadamu atakosea siku zote, hivyo barabara ijengwe ili kosa lisiue. Barabara za njia tatu zikawekewa uzio wa nyaya katikati, magari yasigongane uso kwa uso. Taa za makutano zikabadilishwa kuwa vipilefti. Mitaani, kasi ikashushwa hadi 30, ambayo mtembea kwa miguu akigongwa nayo ana nafasi kubwa ya kupona. Nchi hii ilikuwa na mazoea ya maamuzi ya namna hiyo: Jumapili ya tarehe 3 Septemba 1967, saa kumi na moja alfajiri, magari yote ya Uswidi yalihama kutoka kushoto, tunakoendesha sisi wa Kenya, Uganda na Tanzania, kwenda kulia, ingawa katika kura ya maoni ya mwaka 1955 zaidi ya asilimia 80 ya wapiga kura walikataa.

Matokeo ya sera ya 1997 yanahesabika. Mwaka 2023 ajali za barabarani Uswidi ziliua watu wasiozidi 230. Marekani waliokufa walizidi 40,000. Ukigawa kwa idadi ya watu, Mmarekani yuko kwenye hatari zaidi ya mara tano ya ile ya Mswidi. Helsinki, mji wenye watu zaidi ya 650,000, ulimaliza mwaka mzima hadi Julai 2025 bila mtu hata mmoja kufa katika ajali ya barabarani.

Imani katika kanuni hubadilisha hata mahali pa kumweka mtoto. Copenhagen wazazi huacha vigari vya watoto nje ya mkahawa, mtoto akilala kwenye hewa baridi huku wao wakinywa kahawa ndani. Mwaka 1997 mama mmoja wa Denmaki alifanya hivyo New York. Polisi walimkamata, na mtoto wake wa miezi 14 akachukuliwa na idara ya ustawi kwa siku nne. Wadenmaki waliona ni ukatili wa serikali. Watu wengi wa New York waliona ni uzembe wa mzazi. Kila upande ulikuwa ukisema kweli kuhusu mtaa wake.

Wamarekani wameanza kuyachukua waliyoyaona. New York iliitangaza sera ya kutokubali kifo barabarani mwaka 2014, na miji mingine mingi ikafuata. Kwa bahati mbaya mingi ilichukua jina tu, ikaacha nyaya, matuta na kasi ndogo. Hoboken, mji mdogo ng'ambo ya mto kutoka Manhattan, ulichukua kazi yenyewe. Ulikataza magari kuegeshwa karibu na kona ili dereva na mtembea kwa miguu waonane, ukapanua vijia vya watu kwenye vivuko, na mwaka 2022 ukashusha kasi hadi maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32. Kuanzia Januari 2017 ilipita zaidi ya miaka saba bila mtu kufa katika ajali kwenye mitaa yake, na wakazi wake hawakulazimika kuacha kuzungumza na wasiowajua kwenye foleni ya mkate.